Nyumba Yenye Joto Msimu wa Kipupwe: Njia Nafuu na Salama kwa Kaya za Nachingwea na Ruangwa

Mkoa wa Lindi hautajwi sana panapozungumzwa habari za baridi. Anayesimulia baridi ya Tanzania hutaja Makete, Njombe, Mbeya au Lushoto. Mgeni anayefika Nachingwea mwezi Novemba, jua likiwaka juu ya mikorosho, hawezi kuamini kwamba katika mji huohuo zipo nyakati ambapo watoto hulala wamekunja magoti hadi kidevuni. Wenyeji, hata hivyo, wanazijua nyakati hizo. Huanza mwishoni mwa Mei, hukolea mwezi Juni na Julai, kisha hupungua kadiri Agosti inavyosonga.

Kwa kuwa baridi hiyo ni ya miezi michache, kaya nyingi huipokea bila maandalizi. Usiku wa kwanza mkali unapofika, hatua inayochukuliwa ni ile iliyo karibu na mkono: jiko la mkaa lililopikiwa chakula cha jioni hubebwa likaingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na watu wakalala. Sura hii imeandikwa kwa makusudi mawili. La kwanza ni kueleza jinsi nyumba ya kawaida ya Nachingwea au Ruangwa inavyoweza kuhifadhi joto kwa gharama ndogo. La pili ni kuwasihi wasomaji wetu wasilale na moto chumbani. Makusudi hayo yanashikana, maana chumba kinachotunza joto lake hakihitaji jiko.

Baridi hii inatoka wapi

Katika miezi ya kipupwe upepo wa kusi huvuma, mvua zimekwisha, na mbingu huwa nyeupe bila mawingu. Mchana ardhi hupokea joto la jua. Usiku hulirudisha angani. Mawingu yangekuwapo yangelizuia kwa kiasi fulani, kama blanketi linavyozuia joto la mwili. Yasipokuwapo, joto hupotea upesi. Mji wa Lindi una bahari inayopunguza ukali wa mabadiliko hayo, lakini Nachingwea na Ruangwa zipo bara, mbali na maji ya bahari, na usiku wake hupoa zaidi.

Nyumba nayo ina mchango wake. Paa la nyasi lililoezekwa vizuri ni nene na limejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Bati ni jembamba. Lina manufaa mengi: halivuji upesi, haliliwi na mchwa, wala halihitaji kubadilishwa kila baada ya misimu michache. Lakini joto hulipita bila kizuizi. Mchana wa Oktoba nyumba ya bati isiyo na dari huwaka kama chungu, na usiku wa Julai paa hilohilo huitoa nje hifadhi yote ya joto la mchana. Ndiyo sababu alfajiri baadhi ya watu huona matone yakidondoka kutoka kwenye bati ilhali mvua haikunyesha. Huo ni unyevu wa pumzi za waliolala, uliokutana na bati baridi ukageuka maji.

Tukilielewa hilo tunajua pa kuanzia. Nyumba yako tayari hupokea joto la jua kila siku bila malipo. Kazi iliyobaki ni kulizuia lisitoke.

Jiko la mkaa halilali na watu

Kabla ya kueleza njia za kuhifadhi joto, hatuna budi kusema wazi juu ya njia inayoua. Mkaa unapoungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni humfanya mtu akohoe na kutoka nje. Hewa hii haimpi onyo lolote. Mkaa uliokolea vizuri, usiotoa moshi tena, ndio watu wengi huuona kuwa salama, kumbe hata huo unaendelea kuitoa.

Hewa hiyo ikivutwa huingia katika damu na kujishikiza mahali ambapo oksijeni ingepaswa kushikwa. Hujishikiza kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo kiasi kidogo tu hutosha kuinyima damu kazi yake. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu, kusikia kichefuchefu na kulegea. Akiwa macho huenda akadhani ni malaria au uchovu wa shamba. Akiwa usingizini hupitiliza kutoka usingizi hadi kuzimia, na kutoka kuzimia hadi kifo, bila kuamka. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na wenye magonjwa ya moyo au kifua hudhurika mapema zaidi.

Wapo wanaosema, "Sisi huacha dirisha wazi kidogo." Upenyo mdogo hauwezi kutegemewa, kwa sababu upepo hubadilika na mtu aliyelala hawezi kupima hewa anayoivuta. Wapo pia wanaotumia jiko la gesi au la mafuta ya taa badala ya mkaa. Hayo nayo hayakutengenezwa kwa ajili ya kupasha chumba cha kulala na yana hatari ya namna hiyohiyo. Kanuni yetu ni fupi: moto wa aina yoyote ubaki jikoni au nje, na uzimwe kabla ya watu kulala.

Ukiwakuta watu wamelegea au wamezimia katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, watoe nje kwenye hewa safi bila kukawia, kisha wafikishe hospitali au kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze mhudumu kwamba palikuwa na jiko chumbani, kwa sababu habari hiyo hubadilisha matibabu. Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyezimia asinyweshwe kitu chochote. Panapozuka moto, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa simu namba 114.

Tuongeze maonyo mawili yanayohusu wilaya za korosho. Maganda magumu ya korosho huwaka kwa nguvu kwa sababu yana mafuta, na mafuta hayo ni makali: huunguza ngozi, na moshi wake hudhuru macho na mapafu. Yasichomwe ndani ya nyumba. Pia, miezi ya kipupwe ndiyo miezi ya kupulizia mikorosho salfa na viuatilifu vingine. Mifuko iliyobeba dawa hizo isigeuzwe kuwa pazia, tandiko la kitanda wala kizibo cha dirisha, hata ikiwa imefuliwa.

Anza na nyufa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya baridi, ufa ndio mlango wa gharama. Jioni moja yenye upepo, pita ndani ya chumba ukiwa na uzi mwepesi au unyoya wa kuku, uusogeze karibu na pembe za madirisha, chini ya mlango na pale ukuta unapokutana na paa. Panapotikisika ndipo joto linapotokea.

Nyufa za ukuta wa udongo huzibwa kwa udongo uleule uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa. Ukuta wa tofali hutengenezwa kwa udongo au saruji kidogo. Nafasi iliyo chini ya mlango huzibwa kwa kitambaa kilichokunjwa na kushonwa kama mto mrefu, kikajazwa mabaki ya nguo. Kitu hicho hakigharimu zaidi ya sindano na uzi. Dirisha la mbao lisilofunga vizuri huweza kubandikwa vipande vya kandambili kuukuu pembeni mwake, na pazia la vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja huongeza tabaka la hewa iliyotulia.

Nafasi kubwa kati ya ukuta na paa inahitaji busara. Kuizibia sehemu ya chumba cha kulala huzuia baridi, na huwapunguzia mbu njia ya kuingia. Hata hivyo watu wanaolala humo wanahitaji hewa. Acha tundu moja dogo sehemu ya juu, upande usiopigwa na upepo wa kusi, uliwekee wavu. Jikoni usizibe: moshi wa kupikia unahitaji njia ya kutokea.

Baada ya kuziba, iwe desturi ya nyumba kufungua madirisha asubuhi jua likishapanda, ili joto na hewa kavu viingie, na kuyafunga kabla jua halijazama, yapata saa kumi na moja jioni. Wengi hufunga saa mbili usiku wanapokwenda kulala, na kufikia wakati huo joto la mchana limekwisha kuondoka.

Dari ya chumba kimoja

Kitu kinachobadilisha nyumba ya bati kuliko kingine chochote ni dari. Si lazima iwe ya nyumba nzima, wala haihitaji kuwa ya jipsamu. Faida yake inatokana na hewa inayobaki kati yake na bati; vifaa vyenyewe vyaweza kuwa vya kawaida. Kaya isiyo na uwezo wa kununua mbao nyembamba inaweza kutandaza mikeka ya ukindu au magunia safi ya katani yaliyoshonwa pamoja, yakafungwa kwenye fito imara.

Tunashauri kuanza na chumba kimoja, kile wanamolala watoto wadogo au wazee. Fedha zikipatikana msimu wa mauzo ya korosho, chumba cha pili kifuate. Dari hiyo haitakaa bure kipupwe kikiisha. Ifikapo Oktoba na Novemba, huzuia joto la bati lisiwashukie watu, kwa hiyo gharama moja hutumika kwa misimu miwili.

Tahadhari ni mbili. Mikeka na magunia hushika moto upesi, kwa hiyo chini ya dari ya namna hiyo pasiwekwe koroboi wala mshumaa; taa ya sola au ya umeme inafaa zaidi. Aidha, dari ikaguliwe kila baada ya muda ili panya na nyoka wasifanye maskani humo.

Joto la kitandani

Mtu aliyelala haihitaji nyumba yote iwe na joto. Anahitaji joto pale alipo. Kosa la kawaida ni kuongeza nguo za kujifunika juu na kusahau upande wa chini. Godoro jembamba lililowekwa juu ya sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha. Anayelala chini atandike mkeka kwanza, juu yake magunia safi au maboksi makavu yaliyofunguliwa, kisha godoro. Tandiko hilo lianikwe juani kila baada ya siku chache, kwa maana kitu chenye unyevu hupoteza uwezo wa kutunza joto.

Kwa upande wa juu, nguo mbili nyepesi zilizopandana hutunza joto kuliko moja yenye uzito uleule, kwa sababu hewa hukaa katikati. Khanga au shuka chini ya blanketi hufanya kazi hiyo vizuri. Soksi na kofia ya kitambaa humsaidia mzee ambaye damu yake haina kasi tena. Chandarua kiendelee kutumika hata kama mbu wamepungua.

Mtoto mchanga hutunzwa kwa namna yake. Hupoteza joto upesi, hasa kichwani, hivyo avishwe kofia na kukaushwa mara tu baada ya kuogeshwa. Kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakifunikwa kwa khanga, ni chanzo cha joto kisicho na mfano. Wakati wa kulala, uso wake usifunikwe, wala asirundikiwe mablanketi mazito yanayoweza kumziba pumzi.

Jua na chupa ya chai

Fedha nyingi za mkaa msimu wa kipupwe huishia katika maji ya kuoga. Jua la mchana, ambalo Juni na Julai huwaka bila kizuizi cha mawingu, huifanya kazi hiyo bila malipo. Jaza maji kwenye dumu jeusi au ndoo nyeusi yenye kifuniko, uiweke mahali pasipo na upepo tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Maji yatapata uvuguvugu unaotosha kuwaogesha watoto mapema, kabla baridi haijaingia. Yakihitaji kupashwa zaidi, yatatumia mkaa mchache kuliko maji yaliyotoka kisimani.

Baada ya kupika chakula cha jioni, jiko hubaki na moto ambao kwa kawaida huachwa uzimike wenyewe. Bandika maji wakati huo, kisha uyatie katika chupa ya chai. Alfajiri utakuwa na maji ya moto ya uji au ya kumwosha mtoto bila kuwasha jiko upya. Maji mengine yaweza kutiwa katika mpira maalumu wa maji ya moto, ukafungwa kwa khanga na kuwekwa miguuni. Anayetumia chupa ya plastiki atie maji ya uvuguvugu tu, kwa kuwa yaliyochemka huilegeza chupa na kuunguza watu. Akague kifuniko, na asimwekee mtoto mchanga.

Hita ya umeme na hesabu yake

Katika kaya zenye umeme, hita ndogo huonekana kuwa jibu rahisi. Inapasa kuifanyia hesabu kabla ya kuinunua. Umeme huuzwa kwa uniti, na uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Hita ya wati 1,500 ikiwashwa saa tatu kila usiku hutumia uniti 4.5. Kwa siku 17 hufikia uniti 76.5. Mteja mdogo wa nyumbani aliye katika kundi la D1 hupata bei nafuu kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na zinazozidi hapo hutozwa bei ya juu. Kwa maneno mengine, hita peke yake humaliza nafuu hiyo kabla mwezi haujafika ishirini, ukiacha taa, simu na redio. Na katika nyumba ya bati isiyo na dari, joto lililonunuliwa hivyo hupanda moja kwa moja na kutokea juu.

Fanya hesabu ya namna hiyo kwa mkaa pia. Chukua bei ya kiasi unachowasha kila usiku kwa ajili ya joto tu, uizidishe kwa usiku 60. Linganisha jibu na bei ya blanketi zuri katika soko la Nachingwea au Ruangwa. Mkaa huisha na msimu. Blanketi hubaki miaka.

Anayelazimika kutumia hita aichomeke moja kwa moja ukutani, kwa sababu ekstensheni nyembamba hupata moto. Aiweke mbali na pazia na chandarua, na aizime kabla ya kulala.

Unaponunua

Unaponunua blanketi, lishike na ulielekeze kwenye mwanga. Likipitisha mwanga mwingi, litapitisha joto. Godoro libonyeze kwa kiganja: lisiporudi katika umbo lake upesi, halitadumu. Kwa mabati, fahamu kwamba namba ya geji inapokuwa kubwa, bati huwa jembamba zaidi. La geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Kwa vifaa vya umeme, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na kibandiko kinachoonyesha wati. Kifaa kisichotaja wati kisinunuliwe, kwa kuwa hutaweza kukifanyia hesabu.

Dai risiti kwa kila ununuzi na uitunze. Bidhaa ikiwa na kasoro, irudishe kwanza kwa muuzaji pamoja na risiti. Usiposikilizwa, malalamiko ya ubora hupelekwa TBS. Udanganyifu katika biashara na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Upungufu wa uzito na vipimo ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Na huduma ya umeme ipo chini ya usimamizi wa EWURA. Mtumiaji anayenyamaza humwachia jirani yake hasara ileile.

Utaratibu wa mwenye fedha kidogo

Kwa anayeuliza aanze na lipi, tunapendekeza mpango huu. Kabla ya Mei kwisha, ziba nyufa na ushone kizibo cha mlango. Juni inapoingia, tandika upya sehemu za kulala, ukianza na watoto na wazee, na uweke dumu la maji juani. Ukipata fedha kidogo, nunua blanketi kabla ya hita. Ukipata zaidi, weka dari katika chumba kimoja.

Na tangu usiku wa kwanza wa kipupwe, hata kama hakuna lingine lililowezekana, jiko lilale nje. Kipupwe ni cha miezi michache, na watu wa nyumba moja wakilala pamoja, wakajifunika na kufunga mlango mapema, watakivuka salama.